Laki tisa ya mchezo inatosha kuanzia kamera

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wenu wa barua. Jumapili iliyopita mliandika kuwa kijana anayetaka kuingia kwenye kazi ya picha asiguse kamera kama hana walau milioni mbili na nusu, abaki na simu yake mpaka zitimie. Gazeti lile lilisomwa kibarazani kwangu na wasichana watatu wanaojifunza kushona, na mmoja wao alilikunja akaniambia, "Basi mama, mimi siiwezi." Binti huyo tarehe 5 mwezi ujao anapokea zamu yake ya mchezo wetu wa kuchangiana, laki tisa kamili. Ndiyo maana naandika haraka, na mnisamehe barua ikiwa ndefu. Laki tisa inatosha. Mimi nimewahi kuitumia vibaya laki tisa kama hiyo kwa kamera, kisha nikapata kamera ya kazi kwa fedha pungufu ya hapo, kwa hiyo njia zote mbili nazijua.

Mimi ni fundi cherehani wa Ngamiani, Tanga, mwaka wa 16 sasa. Nashona magauni ya harusi na ya sendofu, madera, na sare za wapambe. Kwenye kamera niliingia kwa ajili ya shughuli zetu za ndani. Watu wa pwani wanajua kuwa siku ya singo, mwali anaposingwa liwa na kupambwa kwa vikuba vya asumini na rehani, mwanamume hapiti hata mlangoni. Na wapiga picha wote niliowajua wakati ule walikuwa wanaume. Kwa hiyo mwali alikuwa anapigwa kwa simu za mashoga, kila mmoja na yake, na kesho yake picha zimeshasambaa kwenye makundi mpaka zimefika kwa watu wasiohusika. Mteja wangu mmoja alinililia kwa jambo hilo huku nampima binti yake mabega. Usiku ule nikaamua kununua kamera. Nipige mimi, picha ziwe mkononi mwangu peke yangu, nimkabidhi mama wa mwali, kisha nifute mbele ya macho yake.

Mchezo wetu una wanawake 18, kila mmoja anatoa elfu 50 kwa mwezi. Zamu yangu ilikuwa ya 11. Nilipopokea, kesho yake alfajiri nilipanda basi la Dar es Salaam nikaenda Kariakoo.

Kijana wa dukani alinipokea vizuri, akanipa kiti na maji ya kunywa. Akaweka mezani boksi jipya la Canon EOS 4000D na mkoba mweusi uliotuna. "Mama, hii ni seti kamili, ina vitu 18." Akavitoa kimoja kimoja: stendi fupi ya miguu mitatu, filta, vioo viwili vya kusokotea mbele ya lenzi, kimoja cha kuvuta mbali na kimoja cha kupanua, flashi ndogo, kadi iliyoandikwa GB 64, kipira cha kupulizia vumbi, vitambaa, vifuniko. Bei laki nane na nusu. Mimi nikahesabu vitu, nikaona nimependelewa. Sasa naona nilifanya kama mtu anayenunua gauni kwa kuhesabu vifungo.

Kamera yenyewe haikuwa mbovu, nataka niseme haki. Ilitoka 2018, ina megapikseli 18, na mchana kwenye mwanga picha zake ni safi. Lakini Canon waliitengeneza iwe ya bei ya chini kabisa, na walipopunguza ndipo mahali mpiga picha wa ndani anapopahitaji. Pete inaposhikia lenzi ni ya plastiki. Lenzi niliyopewa, 18-55 III, haina kituliza mtikisiko. Na kule juu, kwenye reli ya kuchomekea flashi, hakuna nukta ya katikati.

Hapo kwenye nukta naomba msomaji anisikilize kwa makini, maana imeliza wengi. Kwenye kamera nyingi, ukitazama ile reli ya chuma juu ya kichwa cha kamera utaona nukta moja kubwa katikati na nyingine ndogo ndogo nyuma yake. Ile kubwa ndiyo inayotoa amri ya kuwaka, na flashi ya karibu kampuni yoyote inaielewa. Canon wameiondoa kwenye 4000D, na kwenye 250D pia. Zimebaki ndogo tu, zinazozungumza na flashi za Canon wenyewe au zilizotengenezwa kuelewa lugha ya Canon, ambazo bei yake ni ya juu zaidi. Flashi niliyopewa kwenye seti ilikuwa na nukta moja tu chini yake, ile ya katikati. Kwa hiyo nilifungiwa kwenye mkoba mmoja kamera na flashi ambazo haziwezi kusikilizana hata siku moja. Nilipopiga simu dukani nikaambiwa mali ikishauzwa hairudishwi. Risiti niliyokuwa nayo ilikuwa kipande cha karatasi kilichoandikwa kwa mkono.

Hilo la flashi niliweza kulimeza. Kilichoniumiza ni kadi.

Kazi yangu ya kwanza ya kulipwa ilikuwa singo ya binti wa mtaa wa tatu kutoka kwangu. Mama yake alinitangulizia elfu 70. Nilipiga tangu alasiri mpaka usiku: somo, yaani kungwi wake, akimshika mkono mwali, bibi mzaa mama akimpaka liwa kwa vidole vinavyotetemeka, machozi, vigelegele, yote. Kila nikipiga, kamera inanionyesha picha, nami naridhika. Sikujua kuwa ile picha inayotokea papo hapo inatoka kwenye kumbukumbu ya kamera yenyewe, bado haijasomwa kutoka kwenye kadi. Nyumbani nikachomeka kadi kwenye kompyuta ya mdogo wangu. Picha za magauni yangu za wiki tatu za mazoezi, ambazo sikuwa nimezifuta, zikafunguka zote. Za singo zikafunguka 31. Iliyofuata ilikuwa na uso wa mwali juu na kijivu tupu kuanzia kidevuni kwenda chini. Baada ya hapo hakuna iliyofunguka tena.

Kadi ilikuwa imeandikwa 64, ndani ina 8. Hawa wanaotengeneza kadi bandia wanaidanganya kamera, inaamini nafasi ipo, inaendelea kuandika, na kinachoandikwa baada ya nafasi ya kweli kujaa kinapotea au kinaharibika. Hakuna fundi wa kukirudisha. Yule bibi mzaa mama alifariki miezi minne baadaye, na picha yake ya vidole vile haipo. Elfu 70 niliirudisha siku ileile, lakini mama wa mwali hakuwa akililia fedha.

Kuanzia hapo kadi yoyote siipeleki kazini kabla sijaijaza. Natafuta kompyuta, natumia programu ya bure iitwayo H2testw, inaandika kwenye kadi mpaka pomoni kisha inasoma kila ilichoandika na kutoa jibu kama nafasi ni ya kweli. Asiye na programu ajaze kadi kwa video mpaka ikatae, kisha afungue za mwisho aone kama zinacheza. Ni kazi ya saa moja au mbili. Na ni bora kadi mbili za GB 32 zilizopimwa kuliko moja ya 128 isiyojulikana, maana moja ikifa unabaki na nusu ya shughuli.

Nilipomaliza kulia nilikwenda kwa mzee mmoja mwenye studio ya picha za paspoti, ambaye Ngamiani nzima tunamwita Babu. Ameanza kazi hii enzi za filamu na chumba cha giza, umri wake umepita 70, na jicho moja lina mtoto wa jicho. Nikamweleza yote. Akaniuliza, "Mwanangu, unapiga wapi, nje au ndani?" Nikasema ndani, usiku, vyumba vidogo. Akasema, "Basi ulinunua bodi kabla ya kununua mwanga." Bodi ni kamera yenyewe bila lenzi. Akanishauri niiuze ile 4000D ingali na sura ya upya. Nilimuuzia kijana anayepiga picha za mpira uwanjani mchana, kwa laki tano na nusu, na habari ya nukta na ya lenzi nikamweleza kabla hajatoa fedha. Laki tatu ikawa imekwenda.

Babu mwenyewe alikuwa anauza Canon 600D yake. Hii ni ya 2011, ina megapikseli 18 zilezile, ila pete ya lenzi ni ya chuma, kioo cha nyuma kinafunguka na kugeuka, na nukta ya katikati ipo. Lakini hakuniuzia kwa maneno. Alifunga mlango wa studio akaniambia leo utajifunza kukagua mtumba, na nisipokupitisha hapa mwingine atakuibia tena.

Alianza na lenzi. Aliitoa kwenye kamera, akanipa tochi, akasema, "Mulika kwa nyuma, chungulia kwa mbele, kama unavyotafuta tundu la sindano." Kwanza akanipa lenzi yake nyingine kuukuu ili nijue ubaya unafananaje. Ukiitazama kwa macho tu ni safi kabisa. Ukiimulika unaona ndani nyuzi nyembamba zimetambaa kutoka pembeni, kama utando wa buibui mchanga. Ile ni fangasi. Tanga, Dar, Zanzibar, Mombasa, kote kwenye hewa ya bahari inashika lenzi zinazokaa kwenye mikoba ya kitambaa ndani ya makabati, na ikikaa muda mrefu inakula upako wa kioo, hata ukiisafisha alama inabaki. Kisha akanipa zile za kuuza. Vumbi la punje mbili tatu lilikuwepo, na hilo halidhuru. Utando haukuwepo.

Halafu akaniomba futi yangu ya kupimia, maana fundi haachi futi shingoni. Akailaza mezani kwa urefu, akaweka kamera mwanzoni mwa futi kwa mshazari, akalenga fokasi kwenye namba 30 na kupiga lenzi ikiwa imefunguliwa wazi kabisa. Akakuza picha: 30 ilikuwa kali, 25 na 35 zimefifia kwa pamoja. "Ingekuwa kali kwenye 25 au 35, kamera na lenzi hazielewani, na macho ya mwali yangekuwa yanafifia kila picha huku masikio yanaonekana." Kipimo hicho nimekifanya kwa kila lenzi iliyopita mikononi mwangu, na futi ndiyo ileile.

Yaliyofuata yalikwenda haraka. Tundu la lenzi kwenye 22, yaani dogo sana, picha ya mbingu nyeupe, kuangalia madoa ya vumbi kwenye sensa, kile kibao cha ndani kinachopokea picha. Kifuniko cha lenzi kikiwa kimefungwa, picha ya giza kwa ISO 1600, yaani usikivu wa mwanga ukiwa umepandishwa, kuangalia nukta za rangi zisizohama. Kubonyeza kila kitufe, kufungua na kufunga mlango wa betri na wa kadi, kuchomeka flashi na kuiwasha mara kumi. Mwisho akaichomeka kamera kwenye kompyuta kusoma shata imepiga mara ngapi: elfu 38 na ushei. Shata ni pazia la ndani linalofunguka na kufunga kila ukipiga, na kama taya za mkasi, lina maisha yake. Canon wametaja laki moja kwa 60D na laki moja na nusu kwa 7D, kwa hiyo elfu 38 kwa kamera ya kundi hili bado ni mwendo mzuri. Kwa Nikon hesabu hiyo ni rahisi kuipata, imeandikwa ndani ya faili la picha yenyewe. Kwa Canon nyingi inabidi programu. Muuzaji akikataa kamera yake ichomekwe, mshukuru na uondoke.

Sasa nitaje bei, kwa sababu makala yenu ilizungumza bei. Hizi ndizo nilizolipa mimi, kwa mkono wangu. Bodi ya 600D na lenzi ya 18-55 yenye kituliza mtikisiko na betri mbili, laki tatu na elfu 80. Lenzi ya Canon 50mm f/1.8 STM ya mtumba, laki moja na elfu 70. Flashi ya Yongnuo YN560, mtumba pia, elfu 80, ambayo Babu alikubali nilipe kwa mafungu mawili. Kadi mbili za GB 32, elfu 50. Betri nane za kuchaji za flashi pamoja na chaja yake, elfu 60. Jumla laki saba na elfu 40. Kama ningeanzia pale, kwenye laki tisa ya mchezo ningebakiwa na laki moja na elfu 60 ya nauli, kompyuta ya kukodi na dharura. Na katika jumla hiyo, bodi pamoja na lenzi yake ya kawaida ni kama nusu tu. Dada zangu, fedha igaweni hivyo. Nusu bodi, nusu lenzi ya pili, mwanga na kadi. Kamera mpya dukani inameza yote na kukuacha gizani.

Lenzi ya 50mm ndiyo iliyobadilisha kazi yangu. Ile 18-55 ukiivuta mpaka mwisho tundu lake halifunguki zaidi ya f/5.6, na namba hiyo ikiwa ndogo ndipo tundu ni kubwa. Hii ya 50 inafunguka mpaka f/1.8, na mwanga unaoingia ni karibu mara kumi. Kwa lugha ya chumbani ni hivi: palepale penye balbu moja, ambapo 18-55 ilinilazimisha kasi ya 1/15 ya sekunde na mikono yote ya wapambe ikawa moshi, 50mm ilinipa 1/125 na kuzidi, na nikaona punje za liwa kwenye kiwiko cha mwali. Kasoro yake ni kuwa kwenye kamera zenye sensa ya ukubwa huu inabana, inaona kama lenzi ya 80. Chumba kikiwa kidogo nasimama na mgongo ukutani na bado watu wanne hawaingii. Kwa hiyo sura, mikono, hina na mapambo ni 50. Kundi la wapambe ni 18-55 na flashi.

Na flashi haielekezwi usoni. Nilipoanza niliwalenga watu moja kwa moja, ngozi zikang'aa kama zimepakwa mafuta na kivuli cheusi nyuma. Babu akanigeuzia kichwa cha flashi juu, mwanga ukapiga dari jeupe ukarudi mpole. Lakini dari liwe jeupe kweli. Kwenye ukumbi mmoja wapambaji walikuwa wamefunika dari lote kwa vitambaa vya zambarau, nikapiga kwa kuelekeza juu kama nilivyofundishwa, bibi harusi akatoka na uso wa zambarau na gauni langu jeupe nililolishona wiki mbili likawa la rangi ileile. Mwanga unachukua rangi ya kitu ulichogonga, kama nguo nyeupe iliyofuliwa na kanga mpya. Siku hizi nikikuta dari la rangi namwita binti yangu ashike ubao.

Ubao wenyewe ni ungo. Nilichukua ungo mkubwa wa sokoni, nikauvisha satini nyeupe ya bitana upande mmoja na kuifunga kwa lastiki pembeni, upande wa pili nikashona kitambaa cha rangi ya dhahabu kilichobaki kwenye gauni la sendofu. Mweupe unarudisha mwanga wa dirishani kwenye shavu lenye kivuli, wa dhahabu unapasha ngozi joto jioni. Mkoba nao nimeushona kwa jinzi ya mtumba na sponji la godoro lililokatwa kwa umbo la kamera, na unafunikwa kwa zipu mbili. Dirisha lenye jua kali nalitundikia shifoni nyeupe. Kwenye seti ya vitu 18 ya Kariakoo, kilichobaki kwangu ni kile kipira cha kupulizia vumbi. Vile vioo viwili vya kusokotea vilikuwa vinachafua picha nzima pembeni, nikavitoa wachezee watoto.

Kuhusu kampuni sitaki ugomvi wa Canon na Nikon. Nunua ile ambayo jirani yako anayo, ili muazimane lenzi na betri. Ila kuna mtego mmoja wa Nikon lazima niuseme, kwa sababu mwenzetu mmoja wa mchezo ameuingia. Alinunua Nikon D3200, kamera nzuri ya megapikseli 24, kisha akaona lenzi ya 50mm f/1.8D kwa bei rahisi akaichukua. Inaingia, inapiga, lakini fokasi haijiendeshi, inabidi azungushe kwa mkono huku mwali anacheka na kutikisika. Lenzi zile za D zinategemea mota iliyo ndani ya kamera, na D3200 pamoja na ndugu zake wa D3000 na D5000 hazina mota hiyo. D7000 inayo. Kwa D3200 anatakiwa kutafuta lenzi iliyoandikwa AF-S. Kwa Canon mambo ni mepesi zaidi, lenzi yoyote ya EF tangu zilipoanza 1987 inakaa kwenye 600D na fokasi inafanya kazi. Na betri uliza jina lake kabla hujalipa: 600D na 700D zinatumia LP-E8, 1200D na 2000D zinatumia LP-E10, haziingiliani.

Kuna wanaosema kamera za kioo, yaani DSLR kama hizi zetu zenye kioo cha kuakisi ndani, zimepitwa na wakati. Ni kweli wakubwa wamehamia kwenye zisizo na kioo, na zile za juu kabisa za kioo, Canon 1D X Mark III na Nikon D6, zilitoka 2020 na hazijapata warithi wa aina yao. Mimi naliona hilo kuwa heri kwetu. Anayehama anauza, na anachouza ni lenzi na bodi ambazo miaka kumi iliyopita fundi wa Barabara ya 9 asingezishika. Mama wa mwali hajawahi kuniuliza kama kamera yangu ina kioo.

Kutunza ni nusu ya kununua kwa watu wa pwani. Kamera yangu inalala kwenye boksi la plastiki la chakula lenye mfuniko wa kubana, pamoja na vipakiti vya silika vinavyobadilika rangi. Zikiwa buluu ni kavu, zikigeuka pinki zimeshiba unyevu, naziweka kwenye karai lisilotumika kwa chakula juu ya moto mdogo mpaka buluu irudi. Miaka mitatu, na tochi bado haijaniletea utando.

Mhariri, nina maombi mawili. La kwanza, kama mna nafasi ya kuandika kuhusu bidhaa bandia, waulizeni Tume ya Ushindani kuhusu kadi za kumbukumbu. Tunasikia wakikamata vipodozi na nyaya za umeme, na ni kazi njema. Kadi ya uongo haiunguzi nyumba, lakini inachukua siku ya mtu ambayo haitarudi, na mama yule wa mtaa wa tatu mpaka leo ana picha 31 tu za singo ya mwanawe. Tena muwaambie wasomaji wadai risiti ya mashine, maana mimi kwa kipande changu cha karatasi sikuwa na pa kwenda.

La pili ni la haraka zaidi. Barua hii ikiwezekana itoke kabla ya tarehe 5. Yule binti amesikia ya kwangu yote kibarazani, lakini lililochapwa gazetini lina uzito kwa baba yake, ambaye anasema fedha ya mchezo bora inunue kabati. Kuna mpiga picha Muheza anauza 700D yenye betri mbili na 18-55, na ameshakubali tuikague kwa nafasi. Tumepanga Jumamosi ya tarehe 7, binti, mimi na Babu kama jicho litamruhusu. Tochi nimeshaitia betri mpya, na futi ninayo.

Wenu msomaji,
Fundi cherehani na mpiga picha wa shughuli za ndani,
Barabara ya 9, Ngamiani, Tanga
(Jina limehifadhiwa)